Majina ya Kwenye Simu ya Stoo

Bosi alikuwa na tabia ya kuzungumza kwenye simu kwa spika. Mwenyewe alisema hataki vumbi la saruji limwingie sikioni. Wafanyakazi wake walisema anapenda dunia nzima isikie anavyowabana wauzaji bei. Kwa vyovyote vile, simu ilipolia asubuhi ile duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa wateja, naye akaibonyeza kwa kidole gumba na kuilaza juu ya kaunta.

"Habari ya asubuhi, mpendwa," ilisema sauti ya kike, laini kweli kweli. "Ninaongea na Bosi Mkono wa Birika?"

Bosi alidhani hakusikia vizuri. "Nani?"

"Bosi Mkono wa Birika. Ndivyo ulivyoandikwa kwenye simu ya mfanyakazi wako, mtunza stoo. Anadaiwa na kampuni yetu na amekataa kulipa. Tunakuomba wewe kama mwajiri umkate kwenye mshahara. Ukinyamaza tutajua mnakula pamoja."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua kitasa alikohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Mwenzake hakujisumbua kuzuia.

Mtunza stoo mwenyewe, ambaye watu walimwita Stoo hata misibani, alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala na katoni ya misumari kifuani. Alisikia kila neno. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na katoni yake.

Mtu asiharakishe kumhukumu. Stoo alikuwa mtu wa lebo. Ndani ya ghala lile kila rafu ilikuwa na kipande cha karatasi chenye maandishi makubwa yanayosema ukweli mtupu: "Kamba, imara." "Rangi, inakaribia kuganda." "Misumari iliyopinda, wapewe wanaobembeleza bei." Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna aliyetoka na kitu kisicho chake. Na watu aliwaandika kwenye simu kwa utaratibu uleule, kitu kiandikwe kilivyo ili mtu asichanganye. Haikumjia akilini hata siku moja kwamba bidhaa nayo ingeisoma lebo yake.

Bosi alihudumia wateja wote mpaka wa mwisho, bila haraka, akirudisha chenji kamili. Ndipo akageuka.

"Stoo."

"Naam, Bosi."

"Unadaiwa?"

"Sidaiwi, Bosi. Nilikopa kwao mara moja, mwaka jana, nikalipa yote. Sasa wanasema nimekopa tena. Sijakopa. Hizo hela hata harufu yake sijaisikia."

"Hayo ni yako na wao." Bosi aliifuta simu yake kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi. "Mimi nimekuachia funguo za mali yangu yote. Mtu anayesumbuliwa na watu wa madeni, funguo zangu ziko mfukoni mwake, mimi nitapata usingizi gani? Wakinipigia tena, hata simu moja, funguo utaniwekea hapa."

Akagonga kaunta kwa kidole kuonyesha mahali penyewe. La birika hakulitaja. Stoo angeona afadhali angetukanwa.

Nyumbani alimkuta mama mkwe amekaa kwenye kiti pekee chenye mikono, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

"Shikamoo, mama."

"Unamwamkia nani? Mtu asiyetakiwa kupokelewa?"

"Mama..."

"Mimi ndiye Usipokee?" Mama mkwe aliketi wima. "Msichana kanipigia, sauti kama ya mtangazaji wa redio. 'Shikamoo, ninaongea na Mama Mkwe Usipokee?' Nikamwambia umekosea namba, mwanangu. Akanijibu hapana, mama, ni wewe hasa. Halafu akanisomea deni lako mpaka mwisho. Nilikuwa saluni, nimeinamishwa kichwa kwenye beseni, simu kaishika msusi!"

"Mama, haikuwa hivyo. Niliandika 'Usipokee Ukiwa Kazini'. Mara nyingi unaponipigia niko juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika bomba la chuma..."

"Kwa hiyo salamu zangu zinakuangusha?"

Mkewe alikuwa dirishani kwenye cherehani yake, amewapa mgongo. Mguu ulikuwa umesimama juu ya pedali na mabega yalikuwa yanatikisika. Stoo hakuweza kujua kama anacheka au analia. Ukweli ni kwamba alikuwa anafanya yote mawili.

Simu ikalia. Kila mara ilikuwa namba mpya. Ukiifungia hii wanapiga na nyingine. Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi za shule sakafuni, aliichukua bila kuambiwa na kuifunika kwa mto. Alikuwa ameshazoea, na hilo lilimuuma mama yake kuliko simu zenyewe. Akainuka, akautoa mto, akapokea.

"Habari, mpendwa mteja..."

"Mimi si mteja. Mimi ni mke wa mteja. Nina swali moja tu. Huo mkopo wa pili, mlizituma hela kwenye namba gani?"

"Dada, lipeni kwanza. Maelezo yatafuata."

"Mtu analipa akishaelezwa."

"Mumeo anajua alikozipeleka." Sauti ilizidi kulainika. "Labda kuna nyumba nyingine ambayo wewe hujaambiwa. Sisi hatuingilii mambo ya ndoa. Ila kesho tutaongea na mwalimu mkuu wa shule ya mtoto wenu. Namwona hapa, ameandikwa 'Mwalimu Ada Tu'. Na wengine bado wapo, dada. Orodha ni ndefu."

Ikakatwa. Binti aliinua macho kutoka kwenye daftari, akayarudisha upesi.

"Walipataje namba zote hizi?" mama mkwe aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

Stoo alikaa chini ukutani. Alieleza kwamba siku ile alipokopa, binti akiwa amelazwa na homa ambayo madaktari walikuwa hawajaijua, simu iliuliza: ruhusu tuone majina yako? Akabonyeza ruhusu. Ikauliza tena jambo jingine, akabonyeza ruhusu. Siku ile wangemwomba hata figo angebonyeza.

"Tuwalipe," alisema. "Tuna ile ya kodi."

"Hela ya kodi tuwape watu ambao hatujala chao?" mkewe alimgeukia.

"Bosi ataninyang'anya funguo. Nikikosa kazi, kodi ya mwezi unaofuata utaishona kwa uzi gani?"

"Na ukiwalipa leo, unadhani watakusahau? Wataona hapa pana maji, kesho watakuja na ndoo." Alivuta pumzi. "Halafu na mimi nina langu. Wamempigia mama. Wamempigia mwenye nyumba, wamempigia mama wa maziwa. Mimi mkeo hawajanipigia hata siku moja. Humo kwenye simu nimeandikwaje?"

Stoo alianza kukunja mguu wa suruali yake.

"Nakuuliza, baba watoto."

"Humo, hupo."

Mama mkwe aliinua kichwa. Hata binti aliacha kuandika.

"Sijawahi kukuandika," Stoo alisema akitazama vidole vya miguu yake. "Namba yako naijua kwa kichwa. Toka siku uliyonipa." Akaitaja yote, polepole, kama anayemtajia mtu mwingine aiandike.

 Mkewe akarudi kwenye cherehani na kuikanyaga kwa nguvu, na hapakuwa na kitambaa chochote chini ya sindano.

Asubuhi yake mke alizifunga nguo za wateja wake kwenye mfuko, akaziweka kando na kwenda kwenye ofisi ya serikali inayosimamia wakopeshaji. Alikaa kwenye benchi mpaka kiuno kikafa ganzi. Afisa aliyempokea alikuwa mwanamke mnene, mchovu, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alimsikiliza bila kuinua uso mpaka alipofika kwa mama mkwe saluni.

"Ngoja," alisema. "Huyo mama yako alikopa?"

"Hata kidogo."

"Na mwajiri, na mwenye nyumba?"

"Wote hawajakopa kitu."

"Basi sikiliza, mama. Malalamiko ya mumeo nayapokea, lakini yapo mengi, yatasubiri foleni. Hawa wengine ni jambo tofauti. Kumpigia mtu asiyehusika ukamtangazia deni la mwenzake ni kosa lenyewe, deni liwe la kweli au la uongo. Niletee hao. Waje kwa miguu yao, waseme walichoambiwa, neno kwa neno, nami nitaipigia kampuni wakiwa wamekaa hapa."

"Neno kwa neno?"

"Nikiandika 'walimtukana', kampuni watakataa. Nikiandika tusi lenyewe, hawana pa kukimbilia."

Ndivyo ilivyotokea kwamba Stoo, ambaye angeweza kuvumilia kuitwa mwizi na mtu asiyemjua, alitakiwa kupita mlango kwa mlango kwa watu wanaomjua vizuri. Awaombe radhi kwa majina aliyowabandika, halafu, kabla radhi haijapoa, awaombe waende kuyataja majina hayo mbele ya serikali. Mimi sijui adhabu nzuri kuliko hiyo, na siwezi kusema hakustahili kidogo.

Alianza na mwenye nyumba, aliyeandikwa "Bomba Kesho".

"Kwa hiyo mimi ni Kesho," mwenye nyumba alisema, mikono nyuma.

"Naomba radhi sana, mzee. Ni lile bomba la uani. Kila nikikukumbusha..."

"Utaomba radhi, na kodi itapanda." Lakini siku ya pili yake fundi alikuja na bomba likatengenezwa, mwenye nyumba amesimama pembeni akisema kwa sauti ili wapangaji wote wasikie: "Leo! Leo hii!" Na akakubali kwenda ofisini, kwa sababu yule msichana wa simu alimwita Kesho mbele ya wakwe zake, na hilo hakuwa tayari kulimeza.

Mwalimu mkuu alisema shule haijihusishi na mambo ya wazazi, ila ada ilipwe. Mama wa maziwa, aliyeandikwa "Maziwa Maji", alimfungia Stoo mlango usoni. Akaufungua tena. "Ni kiangazi kile tu!" alisema. "Ng'ombe walikuwa hawatoi, na nyie mlikuwa mnataka chupa ijae." Akaufunga moja kwa moja. Huyo hakwenda popote.

Akabaki Bosi. Stoo alifika mbele ya kaunta, Bosi akainua macho, na Stoo akasema mbao zimeingia. Akaenda, akarudi, akasema mbao ni nzuri. Jioni mkewe alimuuliza kama ameshamwambia.

"Kesho," alisema Stoo.

"Kumbe ni wewe ndiye Kesho," mkewe alisema. "Mwenye nyumba umemwonea."

Siku ya kwenda ofisini mama mkwe alivaa nguo yake ya harusini. Alitoa maelezo yake amesimama ingawa aliambiwa aketi, na alipofika kwenye "Usipokee" alilitamka kwa uchungu mkubwa kiasi kwamba afisa aliacha kalamu na kumpa pole. Mwenye nyumba alisema lake upesi upesi, akiangalia dari. Watu waliokuwa kwenye mabenchi wakisubiri zamu zao walikuwa wamesahau shida zao.

"Wawili," afisa alisema. "Ningepata na mwajiri, ingekuwa nzito zaidi."

Stoo alifungua mdomo kueleza, na mlango ukafunguka.

Bosi aliingia akihema, jasho limelowanisha kola, simu mkononi. Alikuwa amepita nyumbani kwa Stoo, na majirani wakamwelekeza. Hakusalimia mtu.

"Stoo. Funguo."

Ofisi nzima iligeuka.

"Wamenipigia tena," Bosi alisema. "Niko na watu wa benki, tunaongea habari ya ghala la pili. Simu iko mezani."

Hakuna aliyehitaji kuuliza kama spika ilikuwa wazi. Stoo aliingiza mkono mfukoni, akazitoa funguo, zile kumi na kitu kwenye pete moja, nzito kama mtoto mchanga. Mkewe alimshika kiwiko, akakiachia.

"Mzee, subiri kidogo," afisa alisema. "Umepigiwa na kampuni hii hii? Nisaidie maelezo yako, nami nitakusaidia isitokee tena. Walikuambia nini?"

"Walinitukana."

"Tusi gani?"

Bosi alitazama ukutani. Pale palikuwa na kalenda tu. "Tusi. Tusi la kawaida."

"Mzee wangu, nikiandika 'tusi la kawaida' watanicheka. Nahitaji neno."

Bosi alikuwa mtu mkubwa, mwenye duka, anayeheshimiwa na wakandarasi. Alisimama pale kama mwanafunzi aliyeulizwa jibu asilolijua, na shingo yake ilikuwa inabadilika rangi. Stoo alimwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu simu zianze alimwonea huruma mtu mwingine badala ya kujionea mwenyewe.

"Walimwita Bosi Mkono wa Birika," alisema Stoo.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Neno si lao, afisa. Ni langu. Niliandika mimi kwenye simu yangu, kwa mkono wangu. Wao wamelichukua bila ruhusa yake wakamtangazia watu. Andika hivyo. Andika nimesema mimi."

Kijana mmoja kwenye benchi la nyuma aliangua kicheko. Mama mkwe alimgeukia na nguo yake yote ya harusini. "Unacheka nini? Wewe unajua umeandikwaje kwenye simu za watu?"

Kijana akanyamaza. Na si yeye tu. Benchi zima lilikaa kimya, kila mtu akiwapitia jamaa zake mmoja mmoja.

"Ni kweli, mzee?" afisa alimuuliza Bosi.

"Ni kweli," Bosi alisema, akatia saini.

Afisa akapiga simu. Ile sauti laini ikapokea, ikasikia ofisi inayopiga, ikatoweka, akaja meneja. Afisa alimsomea maelezo ya watu watatu, majina yote matatu, bila kucheka. Kisha akauliza swali lile lile ambalo mke wa Stoo alikuwa ameliuliza bila kujibiwa: mkopo wa pili ulitumwa namba gani? Kukasikika kubofyabofya. Meneja akaitaja.

"Si yangu," alisema Stoo.

"Si yake," mkewe alisema. "Wala si yangu."

"Huenda ni hitilafu ya mfumo," meneja alisema.

"Hitilafu ya mfumo ndiyo iliyompigia mama wa watu saluni?" afisa aliuliza. "Deni mlifute leo. Namba za watu wote hawa mzifute. Barua nataka mezani kwangu kesho asubuhi. Simu moja ikimfikia yeyote kati yao, tutaongea habari ya leseni."

Mama mkwe alipiga kigelegele, akaambiwa hapa ni ofisini. Mke wa Stoo alikaa chini ghafla kwenye benchi la watu, akajifunika uso kwa viganja. Wakati huo huo Bosi alinyoosha mkono, akazichukua funguo kutoka kwenye vidole vya Stoo, na kutoka nje bila kuaga.

Simu haikulia tena. Ilikaa juu ya meza siku mbili, kimya, na wao wakawa wanaitazama. Kodi waliilipa, na nyongeza ya mwenye nyumba, ambaye jambo hilo hakulisahau. Baada ya hapo ndani ya nyumba hakukubaki kitu cha maana.

Siku ya tatu Stoo alivaa nguo zake za kazi, akaenda dukani bila kujua kama anakwenda kazini au kuomba mabaki ya mshahara. Bosi alikuwa peke yake. Funguo zilikuwa kwenye kaunta, mahali pale pale alipopagonga kwa kidole.

"Wale walikuzushia deni," Bosi alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Lakini la birika hawakunizushia wao."

"Hapana, Bosi."

"Kwa nini?"

Stoo angeweza kusema ulikuwa utani tu. Bosi alikuwa anangoja aseme hivyo. Uso wake ulishaanza kujiandaa kusamehe.

"Mwaka jana binti yangu alilazwa," Stoo alisema. "Nilikuja nikasimama hapa hapa. Nikakuomba mshahara wiki moja kabla. Ulikuwa unahesabu bawaba. Ukaniambia nisikuchanganyie hesabu. Nikatoka pale nje, nikakopa kwa wale. Nilipomaliza kukopa nikafungua jina lako, nikaliandika upya."

"Kabla ya hapo nilikuwa nimeandikwaje?"

"Bosi. Bosi tu."

Bosi alijaribu kuikumbuka siku ile. Alijaribu kwa moyo wote, na alichokikumbuka ni bawaba. Zilikuwa zimepungua jozi mbili.

Alivuta droo. Akachomoa noti, akazisukuma mbele ya Stoo bila kuzihesabu, yeye ambaye alihesabu hata mifuko mitupu.

"Chukua," alisema. "Ile ya wiki moja kabla."

Stoo alizitazama. Zilikuwa nyingi. Alifikiria unga uliobaki nyumbani, na ada, na mkewe anayeshona mpaka macho yanamtoa machozi. Hakuna mtu aliyezihitaji noti zile asubuhi ile kuliko yeye.

"Mtoto alishapona, Bosi," alisema.

Nje lori la saruji lilipiga honi. Hapakuwa na wa kulifungulia ghala. Bosi alitazama mlangoni, akatazama kaunta, kisha akazisogeza funguo taratibu mpaka zikakaa kando ya zile noti.

Stoo akachukua funguo. Noti aliziacha pale pale, na Bosi alibaki akizitazama mpaka lori lilipopiga honi mara ya pili.